Marehemu Alipiga Chafya

Kwenye andiko la mradi waliitwa "vijana walio pembezoni". Mtendaji wa mtaa aliwaita "hao". Mama zao waliwaita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wao wenyewe, kwenye kijiwe chao chini ya mwarobaini nyuma ya soko la Majengo, Dodoma, walijiita Bunge, na kweli walikuwa na spika, kikao cha asubuhi na cha jioni, na utaratibu wa kumtoa nje mjumbe anayekula karanga za wenzake bila kuchangia.

Nilipewa kazi ya kuwafundisha sanaa likizo ya mwezi wa sita. Shirika lililotoa fedha ni la watu wema, sitalitaja, ila karatasi zao zilitoka huko ambako mwezi wa sita watu wanavaa kaptula na kula aiskrimu. Basi juu ikaandikwa "Programu ya Sanaa ya Majira ya Joto". Sasa mwezi wa sita Dodoma ni kipupwe. Asubuhi sweta, mchana unalifunga kiunoni, na upepo ukianza unakula vumbi bila kuagiza. Spika aliisoma ile karatasi, akavuta zipu ya jaketi mpaka kidevuni, akaniuliza, "Mwalimu, hilo joto lenyewe mnagawa saa ngapi?"

Swali lililofuata lilikuwa la posho.

Wageni huwa wanawacheka vijana wa hapa kwa hilo. Mimi siwacheki. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, Serikali ikaja kuhamia kwa kishindo kuanzia 2016, na 2018 tukaitwa jiji. Tangu hapo kila ukumbi una semina na kila semina ina bahasha. Mtoto aliyekulia Dodoma anajua kabisa kwamba mtu mwenye akili zake hakai kwenye kiti cha plastiki akiandikiwa mambo kwenye karatasi kubwa halafu aondoke mikono mitupu. Bajeti yangu ilikuwa na soda na andazi. Bunge likajadili. Soda ikapita, andazi likarudishwa kwa marekebisho.

Nilikuja na hotuba kuhusu zeze. Nikawaeleza kwamba hii ndiyo nchi ya zeze na ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwamba marehemu Hukwe Zawose alitoka huku huku Ugogoni akaufikisha muziki huu Ulaya, watu wakakaa kimya wakamsikiliza. Wao pia walikaa kimya, wakitazama simu. Ndipo nikalichukua zeze lenyewe, nikavuta upinde, likatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Simu zikashuka. Kijana mmoja mrefu, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amenijibu hata salamu, akainuka akanyoosha mikono. "Naomba, Mwalimu. Unaliumiza."

Akakaza nyuzi, akaegemeza kibuyu tumboni, akapiga. Babu yake wa Chamwino alimfundisha wakiwa machungani, na kijiweni hakuwahi kumwambia mtu. Hakuna aliyecheka. Binti aliyekuwa anapita kuuza karanga akamwaga karanga zake kwenye kanga, akageuza ndoo, akaibana katikati ya magoti na kuijibu kwa mapigo ya muheme, ile ngoma ya kina mama wa Kigogo. Nikaikunja hotuba yangu, na sikuikunjua tena.

Igizo walilitunga wenyewe. Mimi nilileta mada ya mazingira, kwa sababu ilikuwa kwenye andiko, ikakataliwa kwa kauli moja. Lao lilikuwa hivi: dereva wa bodaboda amekufa, na kabla hajazikwa ndugu wanagombania pikipiki. Kaka mtu ana funguo, mjane ana kadi, shemeji anadai matairi ni ya kwake. Sijawahi kuona watu wakizozania tairi kwa uchungu namna ile.

Jeneza tulilitengeneza kwa mbao za makreti na maboksi ya biskuti ya pale sokoni, tukalifunika shuka jeupe. Lilipendeza. Tatizo ni kwamba lilikuwa jepesi, na upepo wa Dodoma hauna adabu hata kwa jeneza. Kila wakilibeba linataka kuruka. Tukajaza mawe, mawe yakatoboa boksi. Mwishowe Spika akatoa mwongozo kwamba marehemu mwenyewe alale humo, juu ya mbao mbili, awe ndiye uzito. Marehemu akakubali kwa sharti la soda mbili.

Siku ya mazoezi makubwa tukakuta ukumbi umefungwa. Ufunguo anao mtendaji, mtendaji yuko kikaoni, na simu ya mtendaji haipatikani. Ng'ambo ya lami kuna uwanja wa shule. Nikawaambia watangulie na vifaa vyote, mimi nipitie dukani kuchukua soda.

Narudi nimepakizwa kwenye bodaboda, nimekumbatia kreti, mara dereva anazima pikipiki na kuvua helmeti. Mbele yetu kulikuwa na msiba. Na si msiba mdogo: kina mama wamejifunga kanga, mafundi wameacha cherehani, wauza mitumba wamefunika biashara. Mwenyekiti wa mtaa anatembea pembeni na daftari, anakusanya rambirambi. Nikashuka, nikavua kofia. Nikamuuliza mama mmoja kwa sauti ya chini, "Nani tena jamani?"

"Kijana wa watu, wa bodaboda. Na ndugu zake hata haya hawana, baba, wanagombania pikipiki huku wamembeba!"

Nikatikisa kichwa. Nikasema dunia imeisha, nikatoa elfu mbili, mwenyekiti akaandika.

Jeneza likapita usawa wangu. Upepo ukafunua ncha ya shuka, na hapo, chini ya kiganja cha mzee mmoja aliyevaa kanzu, nikaona mchoro wa glasi, mshale unaoelekeza juu, na maneno "biskuti za maziwa".

Nilimkuta Spika nyuma kabisa ya msafara, anakimbia kimchakamchaka, machozi yanamtoka, ya kweli sasa. "Mwalimu, wametupokea!"

Anayezijua desturi zetu ataelewa. Jeneza likipita njiani halibebwi na watu walewale. Wanaume wanatoka majumbani wanaingiza bega, wanapokezana, maana kumsindikiza maiti ni thawabu. Kwa hiyo vijana wangu hawakuwa wamemaliza hata mtaa mmoja kabla ya kunyang'anywa jeneza na watu wema. Na watu wema wana mwendo. Uwanja wa shule walishaupita zamani, walikuwa wanaelekea makaburini.

"Si mngesema?"

"Tumesema! Wanatwambia tujikaze, eti hali hiyo huwapata wafiwa."

Mbele mzee wa kanzu aliuliza marehemu alikuwa Muislamu au Mkristo, ili wajue wanashika njia ipi. Wawili wakajibu kwa pamoja, kila mmoja na lake. Mzee akawatazama. Mwenye zeze akajaribu kuokoa jahazi: "Alikuwa bado anafikiria, babu."

Pembeni yetu kulikuwa na binti wa ndoo, ambaye kwa woga mikono ilikuwa imegoma kuacha kupiga. Bibi mmoja alikuwa anamfokea, "Muheme msibani! Umefundishwa na nani wewe?" Ilibidi nijifanye nafunga kamba ya kiatu.

Na ndipo akatokea mtendaji, yule wa kikaoni, juu ya pikipiki, akasimama katikati ya njia na kunyoosha mkono. "Kibali cha mazishi kiko wapi? Nani kawapa kibali?" Ufunguo wa ukumbi ulikuwa unaning'inia kiunoni mwake.

Msafara ukasimama. Upepo ukaleta vumbi lote la Dodoma, ukalipitisha chini ya shuka. Ndani ya jeneza kukasikika mtu akivuta pumzi, akiizuia, akiivuta tena. Halafu akapiga chafya moja ambayo naamini ilifika Mtumba, Mji wa Serikali.

Sijui wale watu walipitia wapi. Ninachojua ni kwamba njia ilibaki na kandambili, helmeti, na kreti langu la soda. Jeneza lilishuka, mbao zikaachia, marehemu akajikuta amesimama wima kwa miguu yake, boksi limemkaa kiunoni na shuka kichwani. "Samahanini," akasema. "Vumbi."

Aliyebaki ni mzee wa kanzu peke yake, bado ameshika kona yake. Alimtazama marehemu kuanzia juu mpaka chini. "Mwanangu, kama ulikuwa unaweza kutembea si ungesema mapema? Na mgongo wangu huu!"

Mama wa marehemu alifika baadaye kidogo, analia, anashikiliwa huku na huku. Alipomwona mwanawe alimkumbatia, akamshukuru Mungu, kisha akainama akavua kandambili. Yaliyofuata ni ya kifamilia.

Rambirambi zilikuwa laki na ushee. Mwenyekiti akaitisha kikao pale pale chini ya mwarobaini, zirudishwe au zisirudishwe, maana nusu ya waliotoa walikuwa wapita njia. Halafu ikaja habari kwamba kina mama walikuwa wameshabandika maharage. Mimi nikawa nimeduwaa, sijui pa kuanzia, ila Bunge lilishatawanyika. Wawili wamekwenda kuchukua turubai, na walijua nyumba gani linatunzwa. Wengine wanateka maji. Binti wa ndoo amelichukua daftari la mwenyekiti na anahesabu noti akizipanga kwa rangi. Mtendaji aliwahi kuniambia hawa huwezi kuwatuma hata chumvi. Kumbe msiba wowote wa mtaa huu, wachimba kaburi ni wao na wabeba viti ni wao, na hakuna aliyewahi kuwaitia mahudhurio.

Ikaamuliwa hela iliwe usiku wa onyesho, na kila aliyechanga aje. Ukumbi ulifunguliwa mapema mno. Mtendaji aliomba tuongeze sehemu ya kibali, tukaiongeza, akaicheza mwenyewe, na sitasema alicheza vibaya. Watu walijaa mpaka madirishani. Kwenye fomu ya shirika, penye "idadi ya walioshiriki", nilinakili daftari la rambirambi.

Kabla ya kuanza, binti wa ndoo alisimama mbele kama ilivyo ada, akasoma waliochanga, jina na kiasi. Akafika kwangu: "Mwalimu, elfu mbili."

Yule bibi wa muheme alikuwa kiti cha mbele. Akageuka nyuma kunitafuta.

"Yaani mwenye msiba naye alichanga?"