Buku ya modprobe

Miaka ile ya CentOS 5, toleo la Linux, hoteli moja hapa Tanga ilinipa kazi ya kufunga mtambo wa simu kwa Asterisk, programu inayoigeuza kompyuta kuwa ubao wa simu. Nikaokota kompyuta ya mezani iliyochoka, nikachomeka TDM400P, kadi ya kuunganisha laini za simu: vimoduli viwili vyekundu vya laini za nje, viwili vya kijani vya simu za mapokezi na jikoni. Nikaandika modprobe wctdm kupakia draiva ya kadi, nikafuatisha dahdi_cfg -vv kuzipanga laini, nikaiwasha Asterisk upya. Simu ya mapokezi ikalia kriii! Mama meneja akapiga makofi. Nikaletewa samaki wa kupaka, bure, nikaondoka kifua mbele.

Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka yenyewe, lakini draiva za kadi hazikuwaka nayo. Nilizipakia kwa mkono tu, mashine sikuiagiza izipakie yenyewe. Saa moja asubuhi meneja huyo: "Fundi, simu zimekufa." Nikaenda, mistari mitatu, zikafufuka. "Umeme wenu mchafu, mama," nikasema. Fundi hakosi wa kumsingizia.

Mara ya nne nauli ikaniuma. Nikaiandika ile mistari mitatu kwenye karatasi, nikaibandika juu ya kompyuta, nikamwita mlinzi wa usiku. "Mzee wangu, umeme ukirudi, andika hivi. Kila ukiandika, nakurushia buku kwenye simu."

Saa nane usiku akanipigia. "Fundi, inasema kamandi noti faundi."

"Umeandikaje, Mzee?"

"Kama ulivyoandika wewe. Mod, nafasi, probe."

"Hakuna nafasi hapo!"

"Basi mwandiko wako ndio uliopumua, mwanangu."

Baada ya mwezi vijana wa jikoni walikuwa wanamwita Injinia. Umeme nao ukawa unakatika mara tatu kwa wiki. Majirani taa zao zilikuwa haziguswi, ila nikajisemea fezi hizo, za hoteli ni nyingine.

Buku zilipozidi nauli, nikaamua kufanya kazi kiume. Nikaipachika mistari ya draiva kwenye rc.local, faili la amri za kutekelezwa mashine inapowaka, nikamwita meneja ashuhudie, nikaizima mashine na kuiwasha. Kimya. Nikanyanyua mkono wa simu: kimya cha kaburini.

Mzee, aliyekuwa anakabidhi zamu, akachungulia begani kwangu. "Fundi, Asterisk si mstari wa tatu? Mbona leo imetangulia?"

Nikatokwa jasho. Kweli, rc.local husomwa mwisho kabisa. Asterisk ilikuwa imeshaamka zamani, imeitafuta kadi, haikuiona, ikaendelea na mambo yake. Nikafuta ule upuuzi, nikaandika wctdm ndani ya /etc/dahdi/modules, nikapiga chkconfig dahdi on ili DAHDI, mfumo wa draiva za kadi, iwake yenyewe kila mara, maana hati yake hupangwa kuwaka kabla ya Asterisk. Nikawasha upya. Kriii! Mama meneja akapiga makofi. Samaki sikuletewa.

Mzee akabandua karatasi yake, akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

"Kwa hiyo umeme ukikatika, mimi siandiki kitu?"

"Huandiki, Mzee wangu. Wewe pumzika."

"Na ile buku?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilihudumia hoteli ile miezi minane zaidi, na umeme wa usiku haukukatika hata mara moja. Fezi zilitulia.