Umemuediti mpaka umempoteza

Kuna fundi mmoja wa zamani hapa Kariakoo, mtu aliyeanza na filamu enzi zile unasubiri picha zisafishwe siku tatu, siku moja nikampelekea printi ya bi harusi niliyempiga Kigamboni, najiona nimemaliza kazi. Hakusema kitu. Akaichukua, akaweka kidole gumba juu ya uso wa bi harusi, uso wote ukafunikwa, ikabaki shingo na mabega na mkono wenye hina umeshika maua, akaniuliza, "Dogo, mwenye mkono huu ni nani?" Afu akatoa kidole. "Na huyu je?"

Nilikasirika, sitawaficha. Nikamjibu kile ambacho kila mpiga picha anajibu akibanwa, kwamba kaka hiyo ndo staili yangu. Akanirudishia printi, akaagiza chai.

Nimeikumbuka maana siku hizi mzozo ni huo huo kila tukikaa wapiga picha wawili watatu, mmoja anasema ngozi umeilainisha mpaka mtu kawa mdoli wa dukani, mwenzie anasema mteja kalipa na kafurahi we unaumia nini. Na kusema kweli wote wawili wana hoja, ila sio kwenye jambo moja.

Nianze na wanaokosoa. Kwenye Lightroom, ile programu ya kuediti picha, ngozi zetu nyingi zinaangukia kwenye rangi ya chungwa na kidogo nyekundu, kwa hiyo ukivuta slaida ya mwangaza wa chungwa kwenda kulia, mtu anatakata papo hapo, rahisi kuliko kuwasha feni. Prizeti nyingi, yaani zile setingi zilizopangwa tayari zinazouzwa mtandaoni, zinafanya hivyo kimya kimya, we unabonyeza mara moja unaona picha imependeza, hujui kilichopendeza ni kwamba dada wa watu kabadilishwa rangi. Mi naita mkorogo wa kompyuta. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa nchini, lakini hiyo slaida nani ataipiga marufuku? Na matokeo ni yale yale ya mitaani, uso Fanta miguu Cola, maana fundi anashughulika na uso tu, vidole na masikio anaviacha vilivyo.

Na hili halikuanza na kompyuta. Kodak, kampuni ya filamu, walikuwa wanasambaza kwa maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye mwanamke mzungu, wakaizoea kwa jina la Shirley, mashine inasetiwa mpaka yeye aonekane vizuri, mweusi akiingia kwenye fremu shauri yake. Kilichosaidia kuwasukuma kuboresha filamu zao ilikuwa pia malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani, kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitoki sawa. Chokoleti bana! Kwa hiyo mtu akikwambia prizeti yako inaua weusi wa mteja usimwone mnoko, anagusa kidonda cha siku nyingi.

Sasa geuza upande. Baada ya ile siku ya kidole nilirudi nikafungua faili ghafi, picha kama ilivyotoka kwenye kamera, halijaguswa hata kidogo, nikaweka kidole kwenye skrini kama yeye. Tofauti ilikuwepo! Sio yote, ila kama nusu yake ilikuwepo tayari, maana bi harusi alikaa kwenye kiti cha mpambaji tangu alfajiri, akapakwa fondesheni nyepesi kuliko ngozi yake, shingo ikapitiwa kidogo tu, halafu flashi ikamalizia. Mimi niliongeza chumvi kwenye mchuzi uliokuwa na chumvi tayari. Fundi wangu hakujua hilo, na hakuuliza. Na wakosoaji wengi ndo walivyo, wanahukumu picha bila kujua nani alipaka, nani aliagiza, inaenda wapi. Picha ya fremu ya sebuleni sio ya kitambulisho na sio ya gazeti, kila moja ina kiwango chake cha kuguswa.

Tena mama wa yule bi harusi aliiweka ukutani, kubwa, juu ya televisheni. Nilipopeleka albamu akanishika mkono akasema mwanangu Mungu akubariki, umemtoa kama malkia. Ningemwambia nini, mama hii picha kuna fundi Kariakoo kasema ina makosa? Anayedharau furaha ya yule mama hajawahi kuishi kwa hela ya picha.

Halafu kuna ukosoaji ambao ni ladha tu imevaa koti la utaalamu. Mtu anapenda vivuli vizito, kahawia kila mahali, picha kama imepigwa magharibi inaingia, basi chochote cheupe na chenye mwanga kwake "kimezidi". Kimezidi nini? Wapi? Hasemi. Anaangalia kwenye simu, mwangaza wa skrini umeshushwa kuokoa chaji, picha yenyewe imetumwa kwa WhatsApp ikabanwa mpaka vinyweleo vimekufa vyenyewe njiani, afu anakwambia umelainisha sana ngozi. Ukosoaji wa hivyo unaumiza na haukufundishi kitu. Yule mzee pamoja na ukali wake alinionyesha kwa kidole, kosa likawa na mahali pake, ningeweza kwenda nyumbani nikalirekebisha usiku ule ule.

Upande wa kupokea ndo sisi tunafeli zaidi, na hapa naona wakosoaji wanatuzidi. Neno staili limekuwa mwavuli. Ukweli wangu mimi, ule uso mweupe sikuuchagua, niliinunua prizeti, ikamfanyia hivyo bi harusi na ingemfanyia hivyo hivyo mjomba wake. Staili ni pale ambapo ungeweza kufanya vingine ukaamua hivi na unajua kwa nini. Mtu akikuuliza mbona tekscha ya ngozi umeishusha mpaka chini kabisa, ukaweza kumjibu kwamba lenzi ilikuwa kali mno na mteja ana makovu ya tetekuwanga hataki yaonekane, hiyo ni staili, hata kama yeye haipendi. Ukijibu "ndo navyofanya", hapo bado.

Na kuna mkosoaji mmoja ambaye hoja ya ladha haimhusu kabisa, naye ni mwenye sura. Mwezi Novemba 2017 mwigizaji Lupita Nyong'o alitokea kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza, nywele zake zimefutwa nyuma na kulainishwa kichwani ili zifuate kile wanachokiona wao ni nywele nzuri, akaweka hadharani picha za kabla na baada, akasema wazi kwamba wangemuuliza angewaeleza kuwa nywele hizo ni sehemu ya asili yake. Jarida likaomba radhi, likisema halikuagiza. Mpiga picha, An Le, naye akaomba radhi kwa jina lake, akakubali kwamba kitendo kile kiliumiza ingawa hakukusudia. Unaweza kusema alibanwa angefanyaje, sawa, lakini angeweza pia kuja na ile yetu ya staili. Hakuja nayo. Na kitaalamu ile kazi ilikuwa safi, hakuna mahali ungeona brashi imepita vibaya, ndo maana mabishano yetu ya nani anaediti vizuri hayafiki kwenye hilo swali kabisa.

Mimi lilinifikia kwa namna ndogo. Niliediti picha ya bibi mmoja, mteja mjukuu wake, nikamfuta chale mbili za shavuni nikidhani ni makovu, nikajipongeza kwa usafi wa kazi. Mjukuu akaangalia muda mrefu. Akasema, "Kaka nzuri, ila huyu sio bibi." Hakutukana, hakudai hela yake, alisema hivyo tu, na katika maneno yote niliyowahi kuambiwa kuhusu kazi yangu hayo ndo yalinifanya nibadilike. Tangu hapo chunusi naitoa bila kuuliza maana ni mgeni, wiki ijayo haipo, ila kidoti, kovu, mwanya, chale ni wenyeji, sigusi mpaka mwenyewe aseme toa. Rangi siigusi hata akisema, naweza kuongeza mwanga lakini mtu wake abaki wake, na kwa msimamo huo nimeshapoteza wateja wawili watatu walioenda kwa jirani. Sijui kama wamekosea. Ni sura zao.

Juzi nimepita tena kwa fundi wangu. Siku hizi naye kahamia kwenye kompyuta, kijana wake kamfundisha, kwenye skrini kuna picha ya mzee wa makamo kwenye suti, uso unang'aa kama sufuria mpya, shingo imebaki nyuma. Nikasogea, nikaweka kidole gumba juu ya uso. Akaniangalia.

"Toa kidole chako bwana, utachafua skrini. Mteja mwenyewe hajalalamika."

Nikatoa. Tukaongea mpira, nikaondoka. Saa nne usiku simu ikalia, ni yeye kanitumia picha ile ile, shingo na uso vimelingana, hajaandika neno hata moja.