East Lindsey: kabla ya kwenda, uliza basi la kurudi

Mtu akipata kazi ya kutunza wazee Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, kwenye makundi ya WhatsApp hakosekani mjuaji wa kumwambia: "Usihofu, Uingereza treni ziko kila mahali." Kila mahali wapi? Wilaya ya East Lindsey ina zaidi ya kilomita za mraba 1,700, inaizidi Unguja nzima, na vituo vyake vya treni ni vinne tu: Skegness, Wainfleet, Havenhouse na Thorpe Culvert, vyote vimebanana kona ya kusini mashariki. Viwili vya mwisho treni zake kwa siku ni za kuhesabu kwa vidole. Miji ya Louth na Mablethorpe ilipoteza treni za abiria Oktoba 1970. Horncastle ilikwisha zipoteza tangu 1954.

Kufika si tabu. London King's Cross hadi Grantham ni saa moja na ushee, unabadili, saa moja na nusu nyingine hivi uko Skegness. Jumamosi za kiangazi jiandae kusimama. Wa Horncastle ashukie Lincoln, apande basi namba 56. Wa Louth aingilie Lincoln au Grimsby, amalizie kwa basi.

Tabu ni kurudi. Ratiba ya basi huko isome kuanzia chini: tafuta kwanza la mwisho. Vijiji vingi, saa 12 jioni ikishapita hupati basi tena, na Jumapili hakuna kitu. Kisha kagua alama ndogo juu ya kila safu, maana kuna mabasi ya siku za shule tu na mengine ya siku ya soko tu. Pwani, ratiba ya kiangazi si ya baridi. Sasa niambie, zamu ya jioni inayoisha saa 4 usiku utarudije? Wakala anayekupangia chumba kijiji kimoja na kazi kijiji kingine anajua jibu, ila hasemi.

Nikubali shingo upande kwamba kuna CallConnect, basi dogo la kuagiza. Unajisajili kwanza, kisha unapiga simu au unatumia programu yao, kuanzia siku saba kabla hadi saa moja kabla ya safari. Kwa kawaida hufanya kazi saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Agiza kwenda na kurudi kwa mara moja. Wengi huagiza kwenda, wakipiga baadaye wanakuta nafasi za jioni zimejaa. Na kama njia yako ina basi la kawaida, wanaweza kukuelekeza huko. Nauli nayo haina kosa: tangu Januari 2025 safari moja ya basi haizidi pauni 3 kwa kampuni zilizomo kwenye mpango wa serikali wa kikomo cha nauli, hata ukitoka Lincoln mpaka baharini.

Teksi za kupungia mkono sahau. Za kupigia simu zipo, ila asubuhi na alasiri nyingi zinabeba wanafunzi kwa mkataba, kwa hiyo weka oda siku moja kabla. Nambari ya posta ya anwani (postcode) pia usiiamini peke yake: moja inaweza kujumuisha mashamba kadhaa yaliyotawanyika, dereva akaishia kwa jirani. Taja jina la nyumba.

Gari basi? Ndiyo, mwishowe ni gari. Barabara za huko hukata kona kali ghafla kandokando ya mifereji, na msimu wa viazisukari matrekta huacha tope la utelezi. Kuruhusiwa kwenda maili 60 kwa saa si kuamriwa. Leseni ya Kenya au Tanzania inakuruhusu kuendesha miezi 12, na haibadilishwi kaunta: lazima uombe leseni ya muda ya Uingereza, ufanye mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani, ambao foleni yake ni ndefu. Omba wiki ya kwanza, kwa sababu miezi hiyo inahesabiwa tangu ulipoanza kuishi Uingereza, si tangu uliponunua gari.