Google Imevaa Baibui

Ukitaka kujua mtaa wenu una mafundi wangapi, subiri kompyuta izingue mbele za watu. Mimi nina steshenari Kihonda, hapa Morogoro, na siku hiyo mafundi walijitokeza hadi muuza mihogo.

Ulikuwa msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Wenye steshenari wanaujua: foleni inaanza kabla hujafungua kufuli, kila mtu ana bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa, na kila mtu anaapa kwamba mwisho wa kutuma ni leo saa sita usiku, hata kama zimebaki wiki mbili. Kompyuta zangu ni za mtumba, nilizichukua Kariakoo. Zinafanya kazi vizuri ukiziheshimu.

Akaingia mzee mmoja na binti yake, wametoka Turiani na basi la alfajiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyu anataka kuingia chuo. Muingize."

Nikamvutia kiti, nikafungua brauza. Kule juu kila kitu kipo, jina la tovuti linasomeka, sehemu ya kuandikia anwani ipo. Chini yake giza totoro. Nikipitisha mausi penye kitufe, kipande cha maandishi kinachungulia, herufi mbili tatu hivi, halafu kinarudi kujificha.

Mzee akavaa miwani, akasogea, akatazama kwa muda.

"Mwanangu, mbona Google imevaa baibui?"

Foleni nzima ikacheka, na foleni ikishacheka basi ujue imeshakuwa kamati.

Nikafungua Word, nyeupe safi. Nikarudi kwenye picha ya mlima Uluguru niliyoiweka mwenyewe kwenye kioo, mlima upo na ukungu wake. Kwa hiyo monita ni nzima, kompyuta ni nzima, tatizo liko kwenye brauza peke yake. Kwangu jambo hilo lilikuwa limeisha. Kwa kamati ndiyo kwanza kikao kimefunguliwa.

Fundi simu wa kibanda cha jirani akaingiza kichwa dirishani. "Hiyo IC ya kioo imekwenda." IC ni kile kijichipu cheusi kinachokaa ndani ya vifaa, na kwa fundi huyu, hata redio ikikosa betri, ni IC. Mama ntilie akasema tuzime ukutani, tuhesabu mpaka kumi, maana friji yake ilipona hivyo. Tukazima, tukahesabu kwa sauti, mzee akiongoza. Tukawasha. Baibui lipo pale pale.

Niwaeleze kinachotokea, maana nilipata nafasi ya kukisoma kwenye simu wakati wenzangu wanabishana. Brauza za siku hizi hazipendi kuchora kurasa zenyewe. Kazi hiyo zinaikabidhi kadi ya picha, ili video na michoro viende haraka. Kadi ikiwa ya zamani, au draiva yake, yaani programu inayoiendesha, haielewani na toleo jipya la brauza lililojisasisha lenyewe usiku, kazi inakabidhiwa lakini haifanyiki, na wewe unaletewa giza. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio, upande wa mfumo, ukazima ile swichi inayoiruhusu brauza kutumia kadi.

Nikaingia kwenye mipangilio. Mipangilio nayo ni ukurasa. Na kurasa zote ni giza.

Nikiwa bado nautafakari ufundi huo wa kuficha swichi ya taa ndani ya giza lenyewe, akajitokeza kijana mwenye begi la mgongoni. "Bosi, mimi nimesoma ICT. Kuna vibonyezo vya kuamsha kadi ya picha." Na kweli vipo: kwenye Windows 10 ni kile chenye alama ya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kijana alikumbuka Ctrl. Kilichobaki alikipapasa. Vidole vikaangukia Ctrl, Alt na mshale wa chini, na kwenye kadi hizi za zamani hivyo ndivyo vibonyezo vya kupindua kioo.

Picha ikageuka, juu ikawa chini. Mlima Uluguru ukaning'inia kileleni chini. Saa, ambayo hukaa kona ya chini kulia, ikahamia juu kushoto, nayo imesimama kwa kichwa. Nikisukuma mausi mbele, mshale unashuka. Nikivuta kulia, unakwenda kushoto. Mzee alijitahidi kusoma kwa kuinamisha shingo, kofia yake ikadondoka kwenye printa.

"Sasa imekufa kabisa," akasema fundi simu, kwa furaha ambayo sikuipenda. Akaingia ndani bila kukaribishwa, akamwita dogo anayemuuzia vocha, wakaishika monita na kuipindua, kitako kikatazama dari. Wallahi ilifanya kazi! Picha imepinduka, monita imepinduka, basi kila kitu kikakaa sawa, mpaka mausi ikatii. Dogo akaambiwa aikumbatie hivyo hivyo wakati mimi nahudumia.

Lakini kijana wa ICT hakuwa amekata tamaa. Alikuwa kakodolea keyboard, anakumbuka. Akabonyeza Ctrl, Alt, mshale wa juu. Picha ikarudi sawa, kwenye monita ambayo sasa ndiyo imepinduka.

"Geuza!" wakapiga kelele watu wote.

Dogo akaisikia akaigeuza monita. Kijana naye akaisikia, akabonyeza mshale wa chini. Tukarudi tulikotoka.

"Geuza tena!"

Wakageuza tena, wote wawili, kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa nia njema. Mama ntilie alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Mzee hakucheka. Aliwatazama kama mara nne hivi, kisha akasema kwa upole, "Mmoja wenu aende nje." Akaenda kijana wa ICT, na monita ikasimama kwa miguu yake.

Hapo ndipo nikapata pumziko la kufanya nilichokuwa nimekisoma. Mlango wa nyuma upo. Unabofya kulia alama ya brauza, unachagua Properties, na kwenye kisanduku cha Target unakwenda mwisho kabisa, nje ya alama za kufunga usemi, unaacha nafasi moja, unaandika --disable-gpu. Vistari viwili mwanzoni, si kimoja. Unakubali, unafungua brauza, nayo inaanza bila kuigusa kadi ya picha.

Nikaandika, nikafungua. Giza.

"Si nilisema IC," akasema fundi.

Kumbe brauza ukiifunga mara nyingine haifi. Dirisha linaondoka, yenyewe inabaki kimya kimya nyuma, na ukiifungua tena ni ile ile ya mwanzo inayokuitikia, amri yako mpya haijaiona. Nikaita Task Manager, dirisha linaloorodhesha programu zote zinazoendelea, nikaimaliza huko huko jikoni, nikafungua upya. Kurasa zikaonekana! Nikakimbilia mipangilio, nikaizima ile swichi nikiwa naiona kwa macho yangu.

Ila ukurasa wa maombi, ambao ni mweupe, ulikuwa wa rangi ya bahari. Mlima Uluguru, bahari. Word, bahari. Tukaendelea tu, binti akajaza majina na namba ya mtihani, tukafika kwenye picha ya paspoti. Ikafunguka, uso wa binti ni wa kijani.

"Usitume!" Mzee akanishika mkono. "Wataangalia hiyo picha waseme huyu si Mtanzania."

Nikamweleza kwamba picha ni nzima, rangi inapotea njiani kwenye waya. Waya wa VGA, huu unaotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye monita, una sindano 15, ya kwanza inabeba nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Nyekundu ikikosa mgusano, cheupe kinageuka bahari na watu wanageuka kijani, na monita yetu ilikuwa imechezeshwa mdundiko, waya lazima ulegee. Mzee alinisikiliza kwa adabu na hakuamini hata neno. Simu yake ilikuwa kitochi, ikabidi niitume picha kwenye WhatsApp ya binti. Pale ikaonekana vizuri, rangi yake, na pazia la bluu nyuma.

"Haya," akasema mzee, "basi tuma hiyo ya kwenye simu."

Nilikwenda nyuma ya monita, nikaisukuma plagi na kukaza skrubu zote mbili. Nyekundu ikarudi. Mzee akanitazama kwa jicho la mtu aliyebaini kitu. "Kumbe ulikuwa nayo."

Maombi yakakamilika, nikachapa kurasa za kupelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mwanasheria, nikamtajia bei. Fundi simu akakohoa, akasema na ya ufundi isisahaulike. Mama ntilie akakumbusha nani alianza na wazo la swichi. Kijana wa ICT akaonekana mlangoni. Mzee akanilipa zangu, akafungua pochi tena, akatoa shilingi elfu mbili, akampa dogo wa vocha. "Wewe ndiye uliyebeba."

Brauza inafanya kazi mpaka leo, isipokuwa video zinakwamakwama kidogo, na sijui nani aje kuomba mkopo kwa video. Kilichobadilika ni kibao cha fundi simu. Chini ya "Tunatengeneza simu aina zote" ameongeza kwa rangi nyekundu "NA KOMPYUTA". Wateja anapata. Akimpata wa giza, anamkalisha, anamwambia hiyo ni IC, halafu anakuja dirishani kwangu na kuninong'oneza:

"Kaka, vile vistari ni viwili au vitatu?"