Siku sita Tanohata, na Mlima Fuji sikuuona

Shemeji yangu amezipitia picha zangu zote za Japani kwenye grupu la familia, moja baada ya nyingine, halafu akaandika: "Sasa shemeji, Mlima Fuji uko wapi?" Na vikatuni vitatu vya kucheka. Mwingine akadakia: nauli yote ile kwenda kukaa na wavuvi? Si ungeenda Kilwa?

Nimejizuia tangu Jumapili. Leo basi.

Mlima Fuji uko palepale, shemeji. Mwezi Mei 2024 mji wa Fujikawaguchiko uliweka wavu mweusi wa mita 20 kando ya barabara ili kuuziba, maana watalii walikuwa wakivuka ovyo na kuacha takataka, kila mmoja anataka picha ileile, mlima juu ya paa la duka. Watu waliziba mlima wao wenyewe! Mwaka huohuo Japani ilipokea wageni karibu milioni 37, na ukiangalia mitandaoni utadhani wote walisimama sehemu tatu tu.

Mimi nilikwenda Tanohata, mkoa wa Iwate, pwani ya Sanriku. Kijiji cha watu kama elfu tatu. Shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, hadi Hachinohe, treni ya kawaida hadi Kuji, kisha behewa moja la dizeli linaloingia handakini, linatoka, unaiona bahari kidogo, linaingia tena. Fomu ya viza inataka ratiba ya siku kwa siku, nikaandika Tanohata mara sita. Ndugu aliyenisaidia kujaza akashika kichwa: "Weka hata Osaka moja, wataona unaficha kitu."

Nilichofuata ni Kitayamazaki, magenge yenye kimo cha mita 200 yaliyosimama wima baharini, na safari ya sappa, vile viboti vya wavuvi vinavyopenya kwenye matundu ya miamba. Siku ya kwanza, ukungu. Kiangazi huko huvuma upepo wa baridi kutoka baharini, wanauita yamase. Julai, na mimi nimevaa sweta. Nikasimama penye ukingo wa kutazamia, nikatazama weupe. Likaja basi la watalii. Wakashuka, wakaupiga picha ukungu, wakaupiga picha ubao unaoonyesha kile ambacho wangekiona, wakaondoka. Dakika 20. Hao wakiulizwa, Kitayamazaki wamefika.

Asubuhi ya pili mama mwenye nyumba ya wageni aliniwekea supu ya miso yenye mwani, akachungulia dirishani, akasema: "Shike."

Nishike nini, mama? Nikashika bakuli.

Akatikisa kichwa, akaonyesha bahari, akachora mawimbi kwa kiganja. Shike kwao ni bahari iliyochafuka, boti hazitoki. Siku ya tatu, shike tena. Safari hii nilimwahi kulisema, akapiga makofi.

Hapa ndipo ninapotaka shemeji anisikilize. Mwenye siku moja akikutana na shike, anachopata ni safari iliyofutwa na hasira. Mimi nilipata kijiji. Kwa kukosa la kufanya nilitembea hadi Shimanokoshi, ambako tsunami ya Machi 11, 2011 ilibeba stesheni pamoja na daraja la reli. Reli ilirudi 2014, sasa inapita juu ya tuta. Mzee mmoja alinikuta nimesimama pale nimekodoa macho. Tukazungumza kwa simu yake ya kutafsiri, sentensi moja moja, kila moja ikisubiriwa. Akanifundisha neno la pwani ile: tendenko. Ardhi ikitikisika, kila mtu akimbilie juu kivyake, usimsubiri hata mama yako, na mama naye asikusubiri. Alirudia mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya sokoni. Hilo si jambo la kumsimulia mtu ambaye basi lake linapiga honi.

Siku ya nne bahari ikatulia na wavuvi wakaruhusiwa kuvua uni kwa saa chache za alfajiri. Uni ni yule kiumbe wa miiba ambaye ukimkanyaga Paje unatafutiwa utomvu wa papai. Kule ni mali. Mvuvi analala kifudifudi ukingoni mwa boti, ameliuma kwa meno boksi lenye kioo chini ili aone majini, mikono yote miwili imeshika mti mrefu wenye ndoano. Nilitazama mpaka miguu ikafa ganzi.

Sappa? Nilipanda siku ya tano. Magenge ni makubwa kweli. Nendeni mkaone.

Sawa, nakubali, kwa shingo upande: likizo ya kukaa kijijini ni anasa, mabasi ya huko hupita kwa nadra, na kama huli samaki umekwisha. Tena kijiji kile kinahitaji vijana wa kubaki kuliko mgeni wa siku sita anayekuja kujisifu hapa. Kweli tupu. Na Kilwa nitakwenda, siku sita vilevile.

Shemeji, nimekutumia picha moja zaidi, ile nyeupe tupu. Usiniambie haijafunguka.