Anayetaka kazi ya rasilimali watu aanzie kwenye slipu ya mshahara

Mzumbe, Chuo cha Utumishi wa Umma, Ustawi wa Jamii na vyuo vingine vinatoa kila mwaka vijana waliosomea usimamizi wa rasilimali watu. Muulize mmoja wao anataka kufanya nini, atakutajia usaili, mafunzo ya wafanyakazi, na kwamba anapenda kufanya kazi na watu. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini mwenye kiwanda Chang'ombe au kampuni ya ulinzi Mwanza anapotafuta afisa mchanga, shida yake ni mishahara itoke sawa na mafaili yawe kamili. Kwa maoni yangu huko ndiko pa kuanzia, na si kwa ajili ya kumridhisha mwajiri tu: haki ya mfanyakazi inapatikana au inapotea kwenye hesabu na karatasi hizo.

Chukua mfanyakazi wa sekta binafsi, Tanzania Bara, mwenye mshahara wa shilingi 800,000 bila posho. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 80,000. Huo unatolewa kwanza, na kinachobaki, 720,000, ndicho kinachotozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Zilizobaki 200,000 zinakatwa asilimia 20, yaani 40,000. PAYE yake, yaani kodi hiyo ya mshahara, ni 60,000, na mkononi anapata 660,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, ondoa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000, abaki na 540,000.

Sasa angalia kosa linalofanywa mara nyingi: kupiga kodi juu ya 800,000 kabla ya kutoa NSSF. Mtu anaangukia ngazi ya asilimia 25 na PAYE inakuwa 78,000. Ni shilingi 18,000 kila mwezi, 216,000 kwa mwaka, zimetoka mfukoni mwa mtu ambaye pengine hajui hata pa kuuliza. Programu ya mishahara haikuokoi hapa, kwa sababu aliyeiweka vibaya siku ya kwanza ameliweka kosa hilo kwa wafanyakazi wote. Kila mwezi chagua majina machache, yapige kwa mkono kwenye karatasi, ulinganishe na kile programu ilichotoa.

Ovataimu ina mtego wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, na ovataimu isiyozidi saa 50 katika kila wiki nne. Kupata malipo ya saa moja, jedwali la sheria hiyo linagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa saa za wiki. Ndiyo maana wenye kazi hii hugawanya kwa 195 moja kwa moja. Kwa mtu wetu wa 800,000, saa moja ni kama 4,103, na saa ya ovataimu, mara moja na nusu, ni 6,154. Yuko anayegawanya kwa siku 30 halafu kwa saa 9. Huyo saa yake ya ovataimu inakuwa 4,444 badala ya 6,154. Kwa saa 40 za ovataimu amempunja mwenzake zaidi ya 68,000, na amefanya hivyo bila nia mbaya yoyote. Jumapili ya mapumziko na sikukuu zina kanuni yake, mara mbili, kwa hiyo usizichanganye na ovataimu ya kawaida.

Baada ya mshahara, ingia masjala, chumba cha kutunzia mafaili. Vijana wengi huona kupangwa masjala ni kudharauliwa, nami naona ni bahati, kwa sababu faili moja la mtu aliyekaa kazini miaka kumi litakufundisha mengi kuliko muhula mzima wa nadharia. Hakikisha kila faili lina mkataba uliosainiwa na pande zote, maelezo ya kazi, nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi (TIN), namba ya NSSF, fomu za likizo zilizoidhinishwa na barua zote za mabadiliko ya mshahara. Maelezo ya maandishi ya ajira yanatakiwa kutunzwa miaka mitano baada ya mtu kuondoka, hivyo usikubali mafaili ya "walioacha" yatupwe stoo penye mchwa.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukiacha wazi: mahali mtu alipoajiriwa. Aliyeajiriwa Kigoma akafanya kazi Dar es Salaam, ajira yake ikikoma Dar es Salaam, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi Kigoma, au kumlipa gharama hizo, pamoja na fedha ya kujikimu tangu siku ajira ilipokoma hadi siku ya safari. Pakiachwa wazi, miaka minane baadaye kila upande unataja mji wake, na siku za kujikimu zinaendelea kuhesabiwa.

Likizo si ngumu. Ya mwaka ni siku 28 mfululizo, wikiendi na sikukuu zikiwemo. Ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Uzazi ni siku 84, au 100 kwa pacha. Weka daftari moja la likizo na ulijaze siku ileile fomu inapopita.

Nidhamu ndiyo sehemu ambayo afisa mchanga asiharakishe kuisimamia peke yake. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zimeeleza hatua: uchunguzi, barua ya tuhuma katika lugha anayoielewa mtuhumiwa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kikao ambacho anaruhusiwa kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kisha uamuzi wenye sababu. Kesi nyingi ambazo mwajiri ana sababu nzuri anazipoteza kwa kukosea hatua, hasa pale aliyechunguza anapogeuka kuwa mwenyekiti wa kikao. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mwambie hivyo hata kama wewe ni afisa wa mwajiri. Kumficha si uaminifu kwa kampuni.

Kuhusu pa kuanzia, ningemshauri kijana achague penye wafanyakazi wengi wa zamu, kama kiwanda, hoteli kubwa au kampuni ya ulinzi, kuliko ofisi nzuri ya watu kumi na wawili. Huko ovataimu, ajali, likizo za ghafla na mivutano na chama cha wafanyakazi vitamfikia mezani ndani ya miezi michache. Anayetaka serikalini ajisajili kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na akiwa Kenya ajue kuna sheria ya fani hii ya 2012, usajili wa IHRM, chama cha wataalamu wa rasilimali watu, na mitihani yao ya kitaaluma ya CHRP. Kwenye wasifu wako futa ile sentensi ya kufanya kazi chini ya shinikizo. Andika: naweza kukokotoa PAYE kwa mkono, nimepanga mafaili ya idara mbili, nimeandika mihtasari ya vikao.

Na siku itafika bosi atakuomba uandike barua ya onyo kwa tarehe ya miezi mitatu nyuma, kwa sababu kesho anataka kumfukuza mtu. Kataa kwa heshima, na umpe njia nyingine papo hapo: barua ya leo, kwa tarehe ya leo, ikieleza onyo la mdomo lilitolewa lini, na nani, mbele ya nani. Kama onyo hilo halikuwahi kutolewa, mwambie kwamba hatua za nidhamu zinaanza leo.