Mfumo ulivyomuumbua shangazi

Wakuu, shangazi yangu ana mgahawa wake mdogo huku Mbagala na kwa hesabu zake ana miaka 52. Hiyo 52 anayo toka mimi niko sekondari na sasa hivi nina watoto wawili. Mtoto wake wa kwanza anakaribia arobaini, ila ukimgusia hiyo hesabu anakwambia "nilizaa mdogo" halafu anakunyima mchuzi.

Sasa leseni ya biashara ikaisha. Zamani ilikuwa unaenda na bahasha yako, unajaza fomu kwa peni, faili halionekani, njoo kesho, ukienda kesho mwenye funguo za kabati yuko msibani. Kero ndio, lakini kwenye fomu ya karatasi mtu ulikuwa unajiandikia umri unaoutaka na hakuna wa kukubishia. Siku hizi mambo yote mtandaoni, nikampeleka stesheneri ya jirani, na pale kwenye benchi si tukamkuta mzee wa gesi. Huyu mzee ana mkakati na shangazi, anakula pale mchana na usiku na anamuita "mrembo wangu", kwahiyo shangazi akaingia anatembea kwa maringo hatari.

Kijana akaomba namba ya NIDA. Shangazi katoa kitambulisho kwenye pochi, kakikumbatia kifuani, "wewe andika, mimi nakutajia", akaanza kunong'ona. Mnaijua ile namba lakini? Tarakimu 20, na 8 za mwanzo ndio tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka umetangulia mbele kabisa. Feni inapiga kelele, kijana hasikii vizuri, ikabidi awe anarudia kila namba kwa sauti ya kondakta: "MOJA! TISA! SITA! MOJA! Eeeh mama, kumbe wewe wa mwaka wa Uhuru!"

Kimyaaa. Feni tu.

Mzee wa gesi akavua kofia taratibu. "Mimi wa sitini na nne," akasema. "Shikamoo dada."

Na shangazi, mazoea mabaya, kaitikia "marahaba" kabla hajajua anaitikia nini. Mimi nikajifanya nasoma tangazo la pasipoti saizi ukutani.

Akamgeukia kijana kwa ukali, futa huo mwaka weka mwingine. Kijana akamwambia haiwezekani mama, taarifa zinakuja zenyewe kutoka NIDA, mifumo inasomana siku hizi.

"Inasomana na nani?"

"NIDA, TRA, huko huko serikalini."

"Na kikoba chetu?"

"Kikoba hapana mama."

"Haya endelea."

Tukaendelea, mtandao unakata unarudi, mara anza upya, mpaka hatimaye ikatoka kontroo namba ya kulipia. Na zile namba za serikali mnazijua zinavyoanza. Kijana wala hajajifunza kitu, kajaza pumzi: "TISA! TISA!..."

Shangazi huyo kasimama na pochi mkononi: "We mtoto! Ile ya kwanza nimenyamaza, hiyo tisini na tisa umeitoa wapi?!"

Leseni ilitoka. Mzee wa gesi anakula pale pale mpaka leo, ila sasa anaanza na shikamoo, na kila akiamkia nyama inapungua kwenye sahani.